Maswali ya Wasomaji: Intaneti ya Nyumbani Nyuma ya Mawe ya Mwanza

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote pembezoni mwa Ziwa Victoria, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu aweke intaneti gani nyumbani, mahali ambapo faiba haijafika na mtandao wa simu unashika kwa kubahatisha. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa mengi yaliyomo yanawahusu na wengine.

Ndugu Mshauri, ninaishi Kayenze, Ilemela, katika nyumba ya bati iliyo chini ya mlima wa mawe. Ninafanya kazi ya uhasibu kwa ofisi mbili za mjini, siku nne za juma nikiwa nyumbani, na nina watoto wawili wa sekondari. Simu inaonyesha vijiti vitatu vya 4G, lakini jioni ikifika kutuma faili moja kunachukua nusu saa, na mkutano wa video unakatikakatika. Mawakala wa kampuni tatu wamenijia, kila mmoja akiapa kwamba yake ndiyo yenye kasi. Nichague ipi? (Mama J., Kayenze)

Mama J., shikamoo. Wasikilize mawakala wote watatu kwa heshima, wape hata chai, lakini usimlipe yeyote wiki hii. Palipo na faiba mtu huchagua kampuni na bei. Kwenu unachochagua hasa ni mnara, yaani mnara upi unaoiona nyumba yako, una watu wangapi juu yake saa unayouhitaji, na umeunganishwa na njia nene kiasi gani kurudi mjini. Kampuni iliyo bora Nyamagana, katikati ya jiji, inaweza kuwa ya mwisho Kayenze, na wakala anayekuapia hajawahi kulala kwako hata usiku mmoja.

Vijiti vya kwenye kioo usivitegemee, kwa maana kila mtengenezaji wa simu huvipanga anavyotaka. Kwenye simu nyingi za Android, fungua mipangilio, ingia sehemu inayohusu simu, kisha hali ya laini. Utakuta nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Kadiri namba hiyo inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: hasi 85 ni nzuri, hasi 100 inavumilika, na ikishuka kupita hasi 110 unaongea na mnara kwa kunong'ona.

Nitakusimulia ya kwangu. Nyumbani kwa mama yangu, Usagara, ruta ilikaa sebuleni juu ya kabati la vyombo kwa miezi minane, nasi tukiilaumu kampuni kila siku, hadi siku moja nilipozunguka uani na simu mkononi nikisoma namba hizo. Sebuleni ilisoma hasi 112. Nilipofika chini ya mwembe, karibu na jiko la nje, hatua 14 tu kutoka mlangoni, laini ileile katika simu ileile ilisoma hasi 94. Namba hizo huhesabiwa kwa desibeli, na tofauti ya desibeli 18 ni zaidi ya mara 60 ya nguvu ya mawimbi. Sababu ilikuwa inaonekana kwa macho, ila hatukuwa tumeitazama hivyo: jiwe kubwa kama basi dogo lilisimama kati ya sebule na mnara ulioko barabarani, na paa la bati lilimalizia kazi iliyobaki, kwa kuwa bati huyarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Huko kwenu ambako mawe yamepandana hadi juu, kosa la kuweka ruta upande usiofaa wa nyumba ni rahisi mno kufanyika.

Kwa hiyo tafuta laini za kampuni hizo tatu, iwe kwa kuazima kwa jirani au kwa kununua na kusajili kwa alama za vidole, uzitie moja baada ya nyingine katika simu ileile, ukiwa na bando dogo la siku. Pima kasi saa 2 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku, kwa siku tatu ambazo moja yake iwe ya mwisho wa juma, na kila kipimo kiandike katika daftari pamoja na mahali uliposimama. Usiandike kasi ya kupakua peke yake. Kazi yako ni ya kutuma, na kasi ya kupakia ndiyo inayokukwamisha: faili la megabaiti 500 kwa kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde huchukua dakika 33, kwa sababu megabaiti moja ni megabiti 8. Mawakala hutaja megabiti bila kufafanua, na mteja husikia megabaiti, akaenda nyumbani akitarajia mara nane ya anachopata.

Daftari hilo litakuonyesha ugonjwa uko wapi. Mtandao ukiwa mzito saa zote, asubuhi hadi usiku, tatizo ni mawimbi dhaifu, na hapo antena ya nje au kuhamisha ruta kutasaidia. Ukiwa mwepesi asubuhi na mzito usiku, hali namba ya nguvu ya mawimbi haijabadilika, basi mnara umejaa, na ukinunua ruta ya gharama kubwa utakuwa umenunua kiti kizuri ndani ya daladala iliyosimama foleni. Kwa maelezo yako naona dalili za hili la pili. Dawa yake ni kuhamia mnara mwingine, ama kwa kubadili kampuni, ama kwa antena yenye kuelekea upande mmoja inayoweza kuuacha mnara wa karibu uliojaa na kuushika wa mbali usio na watu. Kandokando ya ziwa hili linawezekana kuliko watu wanavyodhani, maana juu ya maji hakuna jengo wala mlima wa kuyazuia mawimbi.

Uliza pia kampuni inatumia masafa gani ya mawimbi kwenu. Masafa ya chini, kama ya megahezi 700 na 800, hufika mbali na hupenya ukuta na kuzunguka jiwe kwa urahisi zaidi; yale ya 1800 na 2600 hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. Wakala asipojua jibu, mtume akaulize kwa fundi wake.

Kuhusu kifaa, nina msimamo. Watu wengi hununua ruta ya ndani na antena ya nje, kisha huziunganisha kwa waya mwembamba wa antena wa mita 10. Waya wa namna hiyo, kwenye masafa ya megahezi 1800, hupoteza karibu desibeli 8 au 9 kwa urefu huo, yaani unakula faida yote iliyoletwa na antena. Afadhali ruta ya nje, ile iliyoundwa kukaa juu ya nguzo ikiwa na antena ndani yake. Kutoka hapo unashusha waya wa mtandao hadi sebuleni, nao unaweza kufika mita 100 ukipeleka data na umeme wa kifaa pamoja. Hakikisha ruta haijafungiwa mtandao mmoja. Ile ya kupewa bure pamoja na kifurushi mara nyingi hufungwa, na mnara ukijaa mwakani hutaweza kutia laini nyingine.

Kisha soma kifungu cha matumizi ya haki. Neno "bila kikomo" lina kikomo katika vifurushi vingi: ukishatumia kiasi fulani, kasi hushushwa hadi mwisho wa mwezi. Watoto wakitazama video kwa ubora wa juu, saa moja inaweza kula GB 3. Ukishusha ubora huo kwenye mipangilio, saa ileile itakula GB 1 au pungufu. Kwa mhasibu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama tarehe 20 bado utakuwa na kasi ya kufungia hesabu za mwezi.

Mwisho, weka laini ya kampuni ya pili katika simu yako kwa siku ambayo ya kwanza italala. Itakuokoa mara nyingi, ingawa si zote: Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika kwa wakati mmoja, intaneti ililegea Tanzania nzima.

Mimi ni mwalimu mstaafu, kisiwani Ukara. Hapa mtandao unashika ukisimama ufukweni, tena wa mnara wa ng'ambo. Mwanangu aliyeko Kisumu anataka kunitumia dishi dogo la intaneti ya setilaiti, lililosajiliwa kwa jina lake huko Kenya, awe analipia mwenyewe kila mwezi, kazi yangu iwe kuliwasha tu. Nimkubalie? (Mwalimu, Ukara)

Shikamoo Mwalimu. Mwambie mwanao asubiri kidogo, na umshukuru kwa moyo wake.

Teknolojia anayoizungumzia ni nzuri. Setilaiti za zamani za intaneti hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kila swali unalotuma lazima lipande, lishuke, kisha jibu nalo lipande na kushuka. Safari hizo nne, hata kwa kasi ya mwanga, huchukua karibu nusu sekunde, ndiyo maana mazungumzo ya video kwa njia hiyo huwa ya kupishana maneno. Starlink, ambayo huduma yake ilianza Kenya mwaka 2023, hutumia setilaiti zilizo karibu kilomita 550 tu juu, na ucheleweshaji wake unakaribia ule wa mtandao wa simu. Kwa kisiwa, hiyo ni tofauti kubwa.

Shida ni mpaka. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, anayetoa huduma ya mawasiliano Tanzania sharti awe na leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na vifaa vya mawasiliano sharti viwe vimehakikiwa. Dishi lililosajiliwa Kisumu na kuwashwa Ukara ni kifaa cha nchi nyingine kinachorusha mawimbi katika nchi hii, na mbali na sheria, kampuni yenyewe inaweza kuisimamisha akaunti ikiona dishi limehamia nchi nyingine moja kwa moja. TCRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Waulize kwa maandishi ni watoa huduma gani wa setilaiti wenye leseni siku unapouliza, na ununue kwa mmoja wa hao.

Fanya na hesabu ya umeme. Dishi la namna hiyo hula wati 50 hadi 100 muda wote linapokuwa limewashwa, wakati ruta ya laini ya simu hula wati 10 hivi. Likiwashwa saa 24 kwa wati 75, siku moja ni karibu uniti 2, na kwa nyumba inayotegemea sola hiyo ni paneli na betri za ziada ambazo pengine zitagharimu kuliko dishi lenyewe. Liwashwe jioni kwa saa tatu, kazi yake ifanyike, lizimwe.

Na wakati mwanao anasubiri, kuna barua ya kuandikwa, na mwalimu mstaafu ndiye mtu wa kuiandika. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, upo kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni haziendi zenyewe kwa kuona hayana faida. Mei 2023 zilisainiwa Dodoma hati za kujenga minara 758 katika kata 713. Omba serikali ya kijiji iandike, ikipitia kata na halmashauri ya Ukerewe, na nakala ifike kwa mbunge. Barua iseme kwa namba: kaya ngapi, shule ngapi, zahanati iko umbali gani na mahali simu inaposhika, wavuvi wangapi hulala majini usiku bila namna ya kupiga simu ya dharura. Barua zinazosema "tunateseka na mtandao" ziko nyingi katika majalada.

Kaka yangu ana faiba upande wa jiji, nami niko Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Nyumba zetu zinaonana, kama kilomita 5 kwa mstari ulionyooka. Fundi anasema anaweza kuirusha intaneti kutoka kwake hadi kwangu kwa madishi mawili. Majirani wanne wako tayari kunichangia kila mwezi. (Kijana wa Sengerema)

Fundi wako hadanganyi. Madishi mawili ya masafa ya gigahezi 5.8 yanayotazamana huvuka kilomita 5 bila taabu, lakini maji yana mambo yake. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanahitaji nafasi pande zote za mstari, na kwa umbali na masafa hayo nafasi hiyo katikati ya ghuba hufikia karibu mita 8. Madishi yakikaa juu ya paa za kawaida ufukweni, sehemu ya nafasi hiyo inaingia majini. Kisha uso wa ziwa uliotulia huyaakisi mawimbi, yale yaliyopiga maji yakafika yakiwa yamechelewa kidogo na kuvurugana na yaliyokuja moja kwa moja, kwa hiyo mtandao unakuwa mzuri ziwa likichafuka na mbovu likitulia, na fundi anabadilisha waya bure. Mwambie apandishe dishi moja juu sana kuliko jingine, au, likiwezekana, alielekeze kutoka nyuma ya ukingo wa mawe unaokinga ule mwakisiko wa majini usifike kwenye dishi. Na nguzo isisimikwe mahali ambapo maji yanaweza kufika: mwaka 2020 ziwa hili lilipanda hadi kuvunja rekodi ya mwaka 1964, na waliojenga karibu na mialo wanakumbuka.

Kuhusu majirani, hapo simama. Kugawana na ndugu ni jambo moja, ingawa mkataba wa kaka yako huenda unakataza hata hilo, nao ausome kwanza. Kukusanya fedha kila mwezi kwa kuwapa watu intaneti ni biashara ya mawasiliano, nayo inahitaji leseni ya TCRA. Zaidi ya hapo, laini imesajiliwa kwa jina la kaka yako. Jirani akiitumia kumtapeli mtu, atakayetafutwa kwanza ni kaka yako. Kama mko nyumba tano zenye fedha na ziko pamoja, ninaona ni afadhali mumwandikie mtoa huduma mwenye leseni na mseme: sisi ni wateja watano mahali pamoja, leteni nguzo yenu. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, fundi wa kampuni hana tena kisingizio cha foleni ya kivuko, na wateja watano mahali pamoja wanamvuta kuliko mmoja.

Umeme ukikatika hapa Igombe, ruta nayo inazima, na radi imeshatuunguzia ruta mbili tangu mwaka juzi. (B., Igombe)

Kwanza soma chini ya ruta inatumia volti ngapi. Nyingi ni volti 12, na hizo zinaweza kuendeshwa na betri ya volti 12 kupitia kidhibiti kidogo cha volti, bila inveta. Inveta yenyewe hula umeme kabla haijafanya kazi yoyote. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84, lakini usiitumie kupita nusu kama unataka idumu, hivyo ruta ya wati 8 itakwenda nayo karibu saa 5. Minara nayo ina betri zake. Ukiona ruta yako inawaka na mtandao haupo saa mbili baada ya umeme kukatika, jua betri za mnara zimekwisha, na hakuna utakalofanya hapo nyumbani.

Radi ni habari nyingine. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yanayopigwa na radi nyingi duniani, na juu ya maji mvua za radi hujijenga hasa usiku, pale hewa ya nchi kavu inaposhuka kuelekea ziwani kutoka pande zote na kukutana katikati. Nguzo ya antena iunganishwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba, na nondo ya kutuliza umeme izikwe kwenye udongo wenye unyevu. Igombe penye mawe fundi atataka kuikatiza nusu na kuifukia kifusi, usimruhusu, atafute pengine hata kama ni upande wa pili wa uwanja. Hata hivyo kinachounguza ruta nyingi ni waya mrefu unaotoka nje, kwa kuwa watu huchomoa wa umeme na kuusahau ule wa mtandao unaoshuka kutoka kwenye nguzo. Ukiona mimuliko upande wa ziwa kabla ya kulala, chomoa nyaya zote mbili.